Kipimo cha damu kwa wenye stenti: Mnunuzi yuko wapi?

KILA baada ya miezi michache soko la hisa za kampuni za tiba hupokea habari ya aina moja. Watafiti wa Ulaya, China au Marekani wanatangaza kwamba wamepata katika damu alama inayoonyesha kuwa mshipa wa moyo uliowekewa stenti umeanza kuziba tena. Kampuni changa inatajwa kuwa ndiyo yenye haki ya kutengeneza kipimo hicho. Mawakala wanaanza kupiga simu, na mwekezaji mdogo mwenye akiba yake anaambiwa kwamba anayeingia mapema ndiye atakayevuna.

Habari hiyo si ya uongo. Alama hizo zipo, na wanaozisaka ni watu makini. Lakini kutoka alama katika damu hadi bidhaa sokoni ni safari ndefu, na kutoka bidhaa hadi faida ni safari ndefu zaidi. Mwenye kutaka kuweka fedha zake katika kipimo cha aina hii anapaswa kuuliza swali moja kabla ya mengine yote: daktari akishapata jibu la kipimo, atafanya nini ambacho asingefanya bila kipimo? Hadi leo swali hilo halijapata jibu la kuridhisha, na hapo ndipo hatari ya mtaji ilipo.

STENTI NA UGONJWA WAKE

Tarehe 16 Septemba 1977, mjini Zürich, Uswisi, daktari Andreas Grüntzig alipanua kwa mara ya kwanza mshipa wa moyo wa mgonjwa aliye macho kwa kutumia puto dogo lililopitishwa ndani ya mishipa. Kazi ilifanikiwa, lakini madaktari waliofuata njia yake walikuta tatizo. Kwa kiasi cha theluthi ya wagonjwa au zaidi, mshipa ulisinyaa tena ndani ya miezi michache.

Stenti ilikuja kama jibu. Ni kibomba chembamba cha wavu wa chuma kinachoachwa ndani ya mshipa ili kuushikilia usisinyae. Ya kwanza kwa binadamu iliwekwa Toulouse, Ufaransa, mwaka 1986. Mwaka 1994 Marekani iliruhusu stenti ya Palmaz-Schatz ya kampuni ya Johnson & Johnson, baada ya tafiti mbili kubwa kuonyesha kuwa inapunguza kuziba upya kuliko puto peke yake. Hata hivyo tatizo halikwisha. Ukuta wa mshipa ulioumizwa na chuma hujiponya kwa kuotesha nyama, kama kovu, na kovu hilo likizidi hupenya kwenye nafasi za wavu na kuibana njia ya damu. Kwa stenti za chuma kitupu, wagonjwa wawili hadi watatu kati ya kumi walirudi na kuziba huko.

Mwaka 2003 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu Cypher, stenti iliyopakwa dawa ya kuzuia nyama isiote kupita kiasi. Mwaka uliofuata ikaruhusiwa Taxus ya Boston Scientific. Kwa stenti za kisasa zilizotokana na hizo, wagonjwa wanaorudi kwa tatizo hili katika mwaka wa kwanza ni chini ya mmoja kati ya kumi kwa hali nyingi za kawaida.

Mfanyabiashara asome historia hiyo kwa jicho la soko. Johnson & Johnson ilishika zaidi ya asilimia 90 ya soko la stenti la Marekani katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 1997 mshindani wake Guidant alileta stenti iliyo rahisi zaidi kupitisha mshipani, na katika muda wa miaka miwili hivi sehemu kubwa ya soko hilo ikamhama mwenye nalo. Ikarudi kwa kishindo na Cypher mwaka 2003, kisha mwaka 2011 ikatangaza kuacha kabisa biashara ya stenti za moyo. Ikiwa kampuni yenye mtaji wa ukubwa huo iliingia, ikashinda, ikashindwa na kutoka, mwenye hisa mia mbili za kampuni changa ana sababu ya kwenda polepole.

ALAMA ZINAZOSAKWA

Wazo la kupima damu lina mantiki. Njia ya uhakika ya kuona ndani ya stenti ni angiografia, yaani kupitisha mrija hadi kwenye moyo, kumwaga rangi na kupiga picha kwa eksirei. Ni kazi ya gharama, inahitaji chumba maalumu na wataalamu, na haikosi hatari kwa mgonjwa. Ikiwa mililita chache za damu zingetoa jibu hilo hilo, nani asingezitaka?

Alama iliyochunguzwa kwa muda mrefu ni protini iitwayo CRP, inayopanda mwili unapokuwa na uvimbe wa ndani. Baadhi ya tafiti za enzi za stenti za chuma zilionyesha kuwa mgonjwa mwenye CRP ya juu alikuwa katika hatari zaidi ya kuziba tena. Tafiti nyingine hazikuona hivyo, na uhusiano huo ulizidi kufifia stenti zenye dawa zilipoingia. Sababu si ngumu kuielewa. CRP hutengenezwa na ini, na hupanda kwa jambo lolote linaloleta uvimbe: jino bovu, nimonia, malaria, kidonda cha mguu. Kipimo kinachopanda kwa malaria hakiwezi kumwambia daktari wa Mwanza au Mombasa habari za kipande cha chuma chenye urefu wa sentimita mbili ndani ya moyo.

Baada ya CRP zikafuata nyingine: vimeng'enya vinavyovunja tishu za ukuta wa mshipa, mafuta ya damu yaitwayo lipoprotini(a), protini zitokazo kwenye chembe nyeupe za damu zinazohusika na mzio, na katika miaka ya karibuni maikroRNA, vipande vidogo vya chembe za urithi vinavyoelea katika damu. Kati ya hizo, namba 143 na 145 zimevuta macho kwa kuwa zinahusika na misuli laini ya mshipa, ambayo ndiyo inayoota ndani ya stenti. Tafiti nyingi za aina hii zimefanywa kwa makundi madogo ya wagonjwa, na kipimo kilichong'ara katika hospitali moja mara nyingi hufifia kinapopelekwa kwingine.

Zaidi ya hayo, daktari ana taarifa nyingi anazozipata bure. Anajua tangu siku ya kwanza kwamba mgonjwa mwenye kisukari, mwenye mshipa mwembamba, mwenye stenti ndefu au stenti ambayo haikufunguka vizuri, yuko katika hatari kubwa zaidi. Kipimo kipya hakitoshi kuwa sahihi tu. Lazima kiongeze jambo juu ya yale ambayo tayari yameandikwa kwenye faili.

HESABU YA WAGONJWA ELFU MOJA

Biashara asubuhi, jioni hesabu. Ichukuliwe mfano wa kipimo ambacho wengi wangekiita kizuri. Kati ya watu mia wenye stenti zilizoziba, kinawatambua 80. Kati ya watu mia wenye stenti salama, kinawapa jibu sahihi 80 na kuwatia hofu bure 20.

Kipimo hicho kipelekwe kwanza kwenye zama za stenti za chuma, ambapo katika kila wagonjwa 1,000 tuseme 300 wameziba tena. Kitawakamata 240 kati yao, na kuwatia hofu bure 140 kati ya 700 walio salama. Watakaoambiwa wana tatizo ni 380, na karibu wawili kati ya kila watatu wanalo kweli. Hiyo ni bidhaa inayouzika.

Sasa kipelekwe kwenye zama za leo, ambapo tuseme walioziba ni 80 kati ya 1,000. Kitawakamata 64, na kuwatia hofu bure 184 kati ya 920. Watakaoambiwa wana tatizo ni 248, na wenye tatizo ni mmoja tu kati ya kila wanne. Watatu waliobaki watapelekwa kwenye angiografia bure, na mtu atalipa: bima, serikali, au familia iliyouza ng'ombe.

Kipimo hakikubadilika hata kidogo kati ya mfano wa kwanza na wa pili. Kilichobadilika ni stenti. Hili ndilo jambo ambalo matangazo ya kampuni changa hayalisemi: kila mhandisi anayeboresha stenti anapunguza thamani ya kipimo cha kutafuta stenti mbovu. Mwekezaji anayenunua kipimo hicho anacheza kamari dhidi ya Abbott, Medtronic na Boston Scientific, akitumaini kwamba bidhaa zao hazitaendelea kuwa bora. Kwa miaka 30 kamari hiyo imekuwa ya hasara.

KUJUA SI KUTIBU

Hesabu hiyo bado ina huruma, kwa sababu inachukulia kwamba kumgundua mapema mtu asiye na dalili kunamsaidia. Jambo hilo limepimwa. Nchini Korea Kusini wagonjwa 1,706 waliowekewa stenti na waliokuwa katika hatari kubwa waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipimwa moyo baada ya mwaka mmoja hata kama hakukuwa na malalamiko. Kundi la pili liliangaliwa kwa kawaida na kupimwa pale tu dalili zilipojitokeza. Matokeo yalitangazwa mwaka 2022. Baada ya miaka miwili, waliofariki, kupata shambulio la moyo au kulazwa kwa maumivu ya hatari ya kifua walikuwa asilimia 5.5 katika kundi la kwanza na asilimia 6.0 katika la pili. Kitakwimu hiyo si tofauti. Lakini waliopimwa walipelekwa zaidi kwenye angiografia na kufanyiwa upya kazi ya mishipa mara nyingi zaidi.

Kabla ya hapo, mwaka 2017, utafiti wa Japani wa wagonjwa 700 ulikuwa umefika mahali pale pale kwa njia ya angiografia yenyewe. Kuwapiga picha wote kwa ratiba hakukuwaletea manufaa yaliyoonekana. Mwaka 2023 mwongozo wa vyama vya madaktari wa moyo wa Marekani ukaeleza kwamba mgonjwa ambaye hali yake haijabadilika hahitaji vipimo vya mara kwa mara vya kukagua mishipa.

Kwa mfanyabiashara maana yake ni nzito. Ikiwa picha ya mshipa wenyewe, ambayo ni sahihi kuliko damu, haikumsaidia mtu asiye na dalili, kipimo cha damu kinachobahatisha picha hiyo kitamsaidiaje? Na ikiwa mwongozo wa madaktari hautaki upimaji huo, bima italipa kwa kifungu gani?

WALIOTANGULIA

Mkasa wa Theranos unajulikana. Mwanzilishi wake alitiwa hatiani na mahakama ya Marekani Januari 2022 kwa kuwalaghai wawekezaji. Lakini mkasa huo una hasara moja. Unawafanya watu waamini kuwa fedha hupotea kwa udanganyifu tu, na kwamba kampuni ikiwa safi mtaji uko salama. Wenye mafunzo zaidi ni wale ambao bidhaa zao zilifanya kazi.

CardioDx ya California ilitengeneza kipimo kiitwacho Corus CAD. Kilisoma chembe za urithi 23 katika damu na kumsaidia daktari kukadiria kama mgonjwa mwenye maumivu ya kifua ana mshipa wa moyo ulioziba. Kilikuwa na tafiti zilizochapishwa. Mwaka 2012 Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, ilikubali kukilipia. Mwaka 2018 malipo hayo yakaondolewa, na mwaka 2019 kampuni ikafunga milango. Mlipaji mmoja alibadili msimamo, na biashara nzima ikaondoka naye.

Mfano wa pili ni diaDexus, ambayo hisa zake ziliuzwa kwa umma. Kipimo chake cha PLAC, kilichoruhusiwa na FDA mwaka 2003, kilipima kimeng'enya kinachohusishwa na uvimbe ndani ya kuta za mishipa. Mteja wake mkubwa alikuwa maabara moja ya Virginia, Health Diagnostic Laboratory. Mwaka 2015 maabara hiyo ilikubali kulipa dola milioni 47 kumaliza madai ya serikali ya Marekani kwamba ilikuwa ikiwalipa madaktari ili wapeleke damu kwake, na miezi michache baadaye ikafilisika. Juni 2016 diaDexus nayo ikafilisika. Wakati huo huo dawa ya darapladib ya GlaxoSmithKline, iliyolenga kimeng'enya kile kile, ilikuwa imeshindwa katika tafiti mbili kubwa zilizotoa matokeo mwaka 2013 na 2014. Kimeng'enya kilipimika vizuri, ila hapakuwa na tiba ya kukifuata.

Kampuni zote mbili zilikuwa na maabara, wanasayansi, vibali na wateja. Zilichokosa ni uamuzi wa daktari unaotegemea kipimo chao na hicho pekee.

KWA NINI TROPONINI ILISHINDA

Asije mtu akadhani kwamba vipimo vya damu vya moyo havina biashara. Troponini, protini inayovuja msuli wa moyo unapokufa, ni moja ya bidhaa kubwa za maabara duniani. Kipimo chake kilikuzwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1980 na daktari Hugo Katus pamoja na kampuni ya Boehringer Mannheim. Roche ilipotangaza kuinunua kampuni hiyo mwaka 1997, kwa kiasi cha dola bilioni 11, ilipata pamoja na mengine mlango wa soko hilo. Mwaka 2000 vyama vya madaktari wa moyo vya Ulaya na Marekani viliiweka troponini ndani ya maana yenyewe ya shambulio la moyo.

Tofauti iko wazi. Mgonjwa anafika mapokezi saa nane usiku ameshika kifua. Troponini ikiwa juu na kuendelea kupanda, analazwa na kutibiwa. Ikiwa chini na kubaki chini, mara nyingi anaweza kurudi nyumbani. Jibu linahitajika ndani ya saa chache, na kila jibu lina njia yake. Aidha kipimo hicho hufanyika kwenye mashine ambayo hospitali tayari inayo.

Hilo la mashine lina uzito wake. Kampuni kubwa za maabara mara nyingi huiweka mashine hospitalini kwa masharti nafuu na kupata faida kwenye vitendanishi, kama mtu anayetoa taa bure ili auze mafuta ya taa. Mashine hiyo kwa kawaida haikubali vitendanishi vya mwingine. Kampuni changa yenye kipimo kipya haina taa mahali popote. Itabidi iuze haki zake kwa mwenye taa, naye ndiye atakayepanga bei.

FEDHA ZINAENDA WAPI

Kuziba kwa stenti bado ni biashara kubwa, kwa kuwa stenti zilizokwisha kuwekwa ni nyingi mno. Kumbukumbu za Marekani za mwaka 2009 hadi 2017 zinaonyesha kuwa takriban kazi moja kati ya kumi za kufungua mishipa ya moyo ilikuwa ya kurekebisha stenti iliyoziba. Lakini fedha zimekwenda pande mbili zisizohusiana na damu.

Upande wa kwanza ni kuzuia siku ile ile ya kwanza. Utafiti mwingine wa Korea Kusini, wa wagonjwa 1,639 wenye mishipa migumu, uliotangazwa mwaka 2023, ulionyesha kuwa daktari anayeiweka stenti huku akiangalia ndani ya mshipa kwa kamera ya mwanga au ya mawimbi ya sauti anapunguza vifo na matatizo kutoka asilimia 12.3 hadi 7.7. Wenye mtaji mkubwa waliliona hilo mapema. Philips ilinunua Volcano mwaka 2015, na Abbott ilipoinunua St. Jude Medical mwaka 2017 ilipata pia kamera ya mwanga.

Upande wa pili ni tiba. Machi 2024 Boston Scientific ilipata kibali cha FDA kwa Agent, puto lililopakwa dawa la kufungua stenti iliyoziba, la kwanza la aina yake kwa mishipa ya moyo nchini Marekani. Katika utafiti uliolipatia kibali, waliopata matatizo ndani ya mwaka mmoja walikuwa asilimia 17.9, dhidi ya asilimia 28.6 kwa puto la kawaida. Hiyo ni tofauti ambayo bima inaweza kuiona na kuilipia.

HOJA YA UPANDE MWINGINE

Watetezi wa kipimo cha damu wana hoja moja inayostahili kusikilizwa. Wanasema kazi yake isiwe kuwasaka wasio na dalili, bali kumwondolea wasiwasi mwenye maumivu. Mgonjwa aliyewekewa stenti Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kisha akarudi Kigoma, yuko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwenye chumba alichotibiwa. Akianza kubanwa na kifua mwaka mmoja baadaye, nauli, malazi na siku za kazi zinazopotea ni mzigo kwa ukoo mzima. Kipimo cha damu ambacho kingemwambia kwa uhakika kwamba stenti yake iko wazi kingekuwa na thamani halisi kwake, pengine kuliko kwa mgonjwa wa Chicago.

Hoja hiyo ni ya kweli, lakini ina vizingiti viwili. Kwanza, ili daktari wa mkoa athubutu kumwambia mgonjwa asisafiri, kipimo kinatakiwa kisimkose karibu yeyote aliyeziba. Katika mfano wa juu, wagonjwa 16 kati ya 80 walipita bila kuonekana, na huyo ni mmoja kati ya watano. Pili, kampuni changa haziandiki mipango yao kwa ajili ya Kigoma. Zinaandika kwa ajili ya Medicare. Mgonjwa anayekihitaji zaidi kipimo ndiye asiyehesabiwa katika makadirio ya mauzo, na anayehesabiwa ana picha bora mtaa wa pili.

Kama ipo kampuni itakayoligeuza jambo hilo, ikatengeneza kipimo cha bei ndogo kinachofanya kazi kwenye mashine zilizopo, na kukijaribu kwa wagonjwa wenye dalili walio mbali na vyumba vya angiografia, hiyo itastahili kuangaliwa upya.

KWA MWAGIZAJI WA HAPA

Mfanyabiashara wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam anaweza kufuatwa si kununua hisa bali kuwa wakala wa kipimo. Ahadi ya kuwa wakala pekee wa nchi nzima hupendeza masikioni. Ajue kwamba vitendanishi vina tarehe ya mwisho wa matumizi, vingi vinahitaji ubaridi kutoka uwanja wa ndege hadi maabara, na hasara ya boksi lililoharibika huwa ya aliyeliagiza. Kabla ya kutia saini aulize bima gani ya hapa imekubali kukilipia, na daktari gani wa moyo amesema kwa maandishi kwamba atakiagiza. Mkataba mzuri wa wakala humruhusu kurudisha mzigo unaokaribia kuisha muda. Kampuni inayokataa kifungu hicho inafahamu jambo kuhusu mauzo ambalo halijasemwa mezani.

MASWALI YA KUULIZA

Kwa anayetaka kununua hisa, maswali matatu yanatosha kuchuja matangazo mengi. La kwanza, je, kuna utafiti ambamo wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakatibiwa kwa kufuata kipimo na nusu bila kipimo, na wale wa kipimo wakaishi vizuri zaidi? Utafiti unaosema tu kwamba alama ilikuwa juu kwa walioziba haujibu swali hilo. La pili, nani atalipa, na je, amekwisha kusema hivyo? La tatu, tafiti zilifanywa kwa stenti za zama gani? Takwimu za stenti za chuma kitupu si msingi wa kukadiria mauzo ya leo.

Waraka wa matarajio usiojibu maswali hayo mawili ya mwanzo urudishwe mezani, hata kama sayansi yake ni ya kupendeza. Hisa za kampuni za stenti na maputo nazo zina hatari zake, kama wenye hisa za Guidant na Johnson & Johnson walivyojifunza. Lakini kampuni hizo zinauza kitu ambacho daktari akishakitumia mshipa unafunguka. Mwenye kipimo cha damu anauza habari, na habari hupata bei pale tu inapokuwepo kazi ya kuifanyia. Kwa mwenye stenti asiye na maumivu yoyote, kazi hiyo bado haijaonekana, na akiba ya mwekezaji mdogo haina sababu ya kuitangulia.